Somo: Kukusanya mitambo ya zamani ya redio kwa studio ya nyumbani

Wengi huanza kwa kununua kila chombo chenye mshale wa mita na vitufe vizito. Baada ya mwaka chumba kimejaa, na hakuna hata kimoja kinachotoa sauti. Ninayemfundisha namtaka ajenge njia moja kwanza: sauti iingie kwenye maiki, ipite kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti), isomeke kwenye mita, itoke kwenye spika. Njia hiyo ikishakamilika, kila kifaa kinachofuata kinapata pa kuchomekwa na pa kupimwa.

Hatua ya 1: Maiki

Anza na maiki ya dainamiki, ile inayotumia koili na sumaku. Electro-Voice RE20 ya mwaka 1968 na Shure SM7 ya 1973 zilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtangazaji na hazihitaji umeme. Kwenye RE20 kuukuu kagua sponji ya ndani: huoza ikawa unga, na unga ukikifikia kiwambo (utando unaotetemeka kwa sauti), sauti inakwaruza.

Maiki za utepe, kama RCA 44 na RCA 77, zina sauti nene ninayoipenda kuliko zote, lakini ziache mpaka mkono uzoee. Utepe wake ni aluminiamu yenye unene wa maikroni chache tu. Usiijaribu kwa kupuliza, hata kidogo. Usiibebe bila kuifunika, na zima ule umeme wa volti 48 ambao mikisa huupeleka kwenye maiki kabla ya kuichomeka, kwa sababu waya mmoja uliounganishwa vibaya unatosha kuuharibu utepe.

Hatua ya 2: Mikisa

Mikisa ya redio ina utamu wake. Nyingi, ukifungua feda ya maiki (kitelezi cha kupandisha sauti), spika za chumbani hunyamaza zenyewe na taa nyekundu ya mlangoni inawaka. Ukinunua, hakikisha unapewa kisanduku chake cha umeme, plagi zake na kitabu chake cha ufundi. Bila hivyo vitatu, mimi sinunui. Zingatia pia viwango: sifuri ya mita ya VU (mita ya mshale ya kusoma ukubwa wa sauti) studioni kwa kawaida ni +4 dBu, ilhali vifaa vingi vya nyumbani hufuata −10 dBV. Tofauti inakaribia desibeli 12, na wengi hudhani mikisa ni mbovu kumbe ni viwango havijalingana.

Hatua ya 3: Mashine ya riili

Hii ni mashine ya kurekodi na kucheza kanda ya sumaku iliyozungushwa kwenye riili. Pitisha ukucha juu ya hedi, yaani kichwa kinachosoma kanda; ukikwama kwenye mfereji, hedi imelika. Bonyeza gurudumu la mpira linalobana kanda: likiwa gumu kama jiwe au linanata, litabadilishwa.

Kisha uliza kuhusu umeme. Transfoma hubadilisha volti, lakini haibadilishi hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Mashine yenye mota inayofuata hezi, ikiwa ilitengenezwa kwa hezi 60, ukiiendesha kwa hezi 50 itazunguka kwa tano ya sita tu ya mwendo wake, na kila mtangazaji atasikika amelewa usingizi. Revox A77, iliyotoka mwaka 1967, haina shida hiyo kwa sababu mwendo wa mota yake unaongozwa kielektroniki.

Hatua ya 4: Kuwasha

Hapa ndipo naomba mnisikilize sana. Mashine yangu ya kwanza niliichomeka jioni ileile niliyoifikisha nyumbani. Ilizunguka vizuri kwa dakika chache, kisha moshi mkali ukajaa chumbani. Ilikuwa kapasita ya karatasi (kijisehemu kinachohifadhi chaji ya umeme) kwenye njia ya kuingilia umeme: ganda lake lilikuwa limepasuka na kunyonya unyevu kwa miaka yote ile. Ningefungua kifuniko, ningeziona nyufa.

Kwa hiyo fungua kwanza. Tafuta kapasita zilizovimba au kupasuka, kagua fyuzi, kagua swichi ya kuchagua volti. Mara ya kwanza washa kupitia balbu ya kizamani ya nyuzi (siyo LED) iliyounganishwa kwa mfuatano na mashine. Ikimulika kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, chomoa, kuna shoti.

Vifaa vya valvu (zile taa za kioo za kabla ya transista) hubeba volti mia kadhaa, na kapasita zake huendelea kuzishika hata baada ya kuchomoa. Kama hujafundishwa kuzitoa, mpe fundi. Na ukipata transimita, yaani mtambo wa kurusha mawimbi ya redio, itunze kama pambo. Kurusha matangazo bila leseni usithubutu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nina kanda za riili zinanata na kuacha uchafu wa kahawia kwenye hedi. Nizisafishe na nini?

Jibu: Acha kuzicheza kabisa. Gundi ya kanda imenyonya unyevu. Kanda za poliesta za aina hiyo hupashwa joto la takriban nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa kadhaa kwenye kifaa chenye joto thabiti, siyo oveni ya jikoni, kisha zinanakiliwa mapema kabla hazijarudia hali. Ila zimulike kwanza: riili inayopitisha mwanga ubavuni ni ya asetati, na hiyo haipashwi joto.

Swali: Nikiunganisha mikisa na kompyuta nasikia mvumo mzito usiokoma. Rafiki kaniambia nikate waya wa ethi.

Jibu: Usikate, ndugu yangu! Waya huo unalinda uhai wako. Weka transfoma ya sauti ya kutenganisha, yenye uwiano wa 1:1, kati ya vifaa hivyo viwili.

Swali: Mashine za katriji zina faida leo?

Jibu: Mashine ya katriji, ile ya kucheza kanda iliyofungwa ndani ya kasha, ninaipenda mno kwa jingo, vile vibwagizo vifupi vya kituo. Kanda yake haina mwanzo wala mwisho, na mlio wa hezi 1,000 uliorekodiwa kwenye njia ya pembeni huisimamisha pale pale jingo linapoanzia, tayari kwa kubonyezwa tena. Badilisha tu visponji vya ndani ya katriji kabla ya kuicheza. Vya zamani karibu vyote vimeoza.