Namna ya kupata mtu wa dawa za miti Nakuru kama umetoka mbali

Sisi wengi tunaoishi Kaptembwo, Rhonda, Bondeni na Free Area hatukuzaliwa Nakuru, tulikuja kutafuta kazi. Mimi nilitoka Kisii, jirani yangu wa kulia ametoka Vihiga, wa kushoto ametoka Siaya, na kila mmoja wetu nyumbani kwao kulikuwa na mtu wa dawa. Huyo mtu boma lake lilijulikana, watoto aliotibu tulisoma nao darasa moja, na akikosea kijiji kizima kilijua kabla jua lizame. Huku mjini unapata mtu amekaa kando ya barabara na magunia ya magome, hujui alitoka wapi na hujui kesho atakuwa wapi. Kwa hivyo kabla ya kutafuta dawa tafuta mashahidi, hiyo ndio kazi kubwa na ndio watu wanaruka.

Lakini kwanza jua unamtafuta nani, juu wazee wetu hawakuchanganya hizi kazi. Kwa Wakisii omonyamete ni wa miti, omoragori ni wa kupiga ramli, omobari ndiye yule wa kufungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa, na hakuna siku ungeskia omobari akisema pia anarudisha bwana aliyetoroka. Wajaluo wako na nyamrerwa, mama anayeshughulikia wajawazito na watoto wadogo, na ukimuita ajuoga, yaani mganga wa ramli, atakukatalia kabisa. Sasa angalia zile karatasi zimebandikwa kwa nguzo za stima: mganga kutoka Tanga, au Sumbawanga, au Pemba, anatibu sukari, presha, nguvu za kiume, kesi ya korti, kazi, mapenzi, shamba, zote kwa siku moja na namba ya simu chini. Huko kuna waganga wa kweli wanaoheshimika kwao, sikatai, lakini mtu wa kweli ako na kitu kimoja ama viwili anajua vizuri na ni watu wenyewe humtangaza. Hiyo namba usipige.

Mashahidi unawapata wapi? Kwa chama chenu, kwa kanisa, kwa ile mikutano ya watu wa kwenu mnapochanga pesa za matanga, kwa mama wa mboga ambaye amekaa hapo mtaani miaka kumi na tano na anajua nani alihama usiku na kwa nini. Usiulize tu "mnajua mtu wa dawa nzuri?" hapo kila mtu atakutajia mtu wake. Uliza nani alitibiwa, alikuwa na shida gani, ilichukua siku ngapi, na hapa ndio pa maana, nani alienda na hakupona na yule mtu wa dawa alisema nini baadaye. Mtu wa dawa mzuri ako na wagonjwa aliowaambia "hii siwezi, enda hospitali", na ukipata shahidi mmoja wa namna hiyo huyo mtu anza kumwamini. Mimi yule mama naendea Kaptembwo nilimpata hivyo, mwenzangu wa chama alikuwa amempelekea mtoto mwenye homa akafukuzwa mlangoni aende akapimwe kwanza.

Siku ya kwanza ukienda, enda kuangalia tu, beba pesa ya matatu peke yake. Angalia dawa zimewekwa wapi. Magome na mizizi iliyofungwa kwa plastiki ikiwa na unyevu inaota ukungu, na ukungu mwingine uko na sumu ya ini ambayo haiishi hata uchemshe namna gani. Unga uliosagwa tayari mimi naogopa, nataka kuona gome, nataka kuona jani, kisha isagwe nikiwa hapo.

Halafu uliza jina la mti kwa lugha yake, uandike. Hapa mjini majina yanachanganya sana watu. Ule mti wenye gome kali kama pilipili, wa kifua na kikohozi, Mkikuyu anauita muthiga, Mkalenjin sogoet, Mmaasai osokonoi, Mjaluo abaki, na ni mti mmoja. Kwa upande mwingine mtu anaeza kukuuzia kitu kingine kabisa akikiita jina la kwenu kwa sababu ameskia lafudhi yako. Kama unaujua mti wa nyumbani, omba mtu wa ocha akutumie kipande kwa basi ama picha kwa simu, ulinganishe. Ukiwa hapo uliza pia gome lilichunwa vipi. Muiri, ule Wakalenjin wanaita tendwet, unaotumika sana na wazee wa shida ya mkojo, umechunwa mpaka tangu 1995 biashara yake ya kuuza nje ya nchi inadhibitiwa kimataifa, na mti ukichunwa gome kuzunguka wote unakufa tu, kwa hivyo mtu anayechuna upande mmoja akaacha mwingine ni mtu anayetaka kuwa na kazi mwaka ujao.

Kipimo nacho usikubali "kikombe". Kikombe gani? Kile cha chai ama glasi? Mara ngapi, siku ngapi, kabla ama baada ya kula, na nikiona nini niache? Mtu akishindwa kukujibu hilo la mwisho, rudi nyumbani.

Kuhusu makaratasi. Wengi wameweka cheti ukutani, cha idara ya utamaduni. Hicho kinaonyesha mtu amesajiliwa kama mganga wa kienyeji, hakionyeshi ile dawa kwa chupa imepimwa. Dawa ya chupa iliyofungwa kama ya kemisti inafaa iwe imesajiliwa na Pharmacy and Poisons Board, ile bodi ya serikali ya kusimamia dawa, uliza namba. Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba ya kienyeji, kwa hivyo usimwone mtu wa miti kama mhalifu, na pia usikubali akwambie hospitali ni adui yake.

Sasa ile chupa ya maajabu. Jirani yangu alinunua dawa ya mgongo kwa mtu wa kupita, nusu lita, akanywa jioni na asubuhi akaamka anainama anafua nguo, sisi wote tukataka. Baada ya miezi miwili uso ukamfura ukawa duara kama sahani, sukari ikapanda na hakuwa na sukari hapo mbeleni. Daktari alimwambia dalili ni za mtu ametumia steroidi kwa muda mrefu, yaani mtu alisaga vidonge vya kemisti akachanganya na maji ya majani, na mbaya zaidi hangeweza kuacha ghafla, ilibidi apunguziwe pole pole hospitalini. Nilikaa naye kwa foleni siku nyingi na hasira yangu haijaisha. Mizizi haifanyi kazi usiku mmoja hivyo. Ukiona maumivu ya miaka yamekatika kwa masaa, hiyo chupa usimalize, ipeleke hospitali nayo.

Kama unameza dawa za kila siku, ARV, za TB, za presha ama za sukari, usiache hata siku moja kwa sababu mtu wa miti amesema. Na ukitumia miti, mwambie daktari. Najua utagombezwa, wacha ugombezwe lakini sema. Miti ya kushusha sukari pamoja na vidonge inaeza kushusha sukari mpaka uzirai, na dawa za kusafisha tumbo, zile zinakufanya uharishe, ukizichanganya na vidonge vya presha vya kukojoza zinamaliza madini mwilini na moyo unaanza kwenda ovyo. Ukiogopa daktari anza na mhudumu wa afya wa mtaa wenu, tangu 2023 walipewa vifaa vya kupima presha na sukari nyumbani, na wengi ni majirani tu, mtaongea vizuri.

Kuna vitu havipelekwi kwa miti hata kidogo: nyoka ameuma, mfupa umetoka nje, mjamzito anatoka damu, mtu amelegea upande mmoja, mtoto ana degedege ama anakataa kunyonya. Na hii ni yetu sisi wa Kisii, Kisumu na Busia, mtoto akitoka ocha likizo na akapata homa Nakuru, apimwe malaria siku hiyo hiyo na umwambie daktari ametoka wapi, juu huku wanaeza kufikiria ni mafua tu ya baridi. Dawa za kuharakisha uchungu wa kuzaa usinywe, tumbo la uzazi linaeza kubana mpaka lipasuke. Ukichanjwa chale, enda na wembe wako mpya na uuone ukifunguliwa.

Na akianza kukwambia ni shangazi yako wa nyumbani amekuroga, simama utoke, hata kama ushalipa. Sheria ya uchawi ya 1925 inakataza kumtaja mtu hivyo. Sisi Wakisii tunajua linaishia wapi, Oktoba 2021 huko Marani akina mama wanne wazee waliuawa kwa hayo maneno. Jina likishatajwa Nakuru linafika kijijini kabla ya basi.

Piga picha ya dawa, andika tarehe na jina la mti, weka sehemu kidogo kwa chupa safi mpaka upone. Macho yakiwa ya manjano ama mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, acha na ubebe hiyo chupa hospitali.

Halafu rudi. Nyumbani ulikuwa unarudi na kuku, huku watu wakipona wanapotea na wasipopona wanapotea pia, na yule mtu anabaki hajui dawa yake imefanya nini. Mimi kifua cha mama yangu kilipotulia nilirudi Kaptembwo na sukari kilo mbili, na ya tumbo ilipokataa nilirudi pia nikamwambia imekataa. Alitoa kidaftari chini ya kiti, akatafuta jina la mama, akaandika.