Kupaka Rangi na Kuchakaza Modeli ya Kifaru cha T-34/85

Modeli nyingi za vifaru hazipotezi uhalisia kwa sababu ya rangi mbaya, bali kwa sababu mwenye kuzipaka amezimwagia kutu na matope kila mahali bila kujiuliza vimefikaje hapo. Maelezo haya yanahusu T-34/85 ya Kisovieti ya kipimo cha 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko kifaru chenyewe, kifaru kilichoanza kutoka viwandani mapema mwaka 1944, na kanuni inayoyaongoza ni kwamba kila doa sharti liwe na chanzo: mguu wa askari, mvua, dizeli, joto la injini au ardhi yenyewe. Asiyeweza kutaja chanzo cha doa analotaka kuliweka, na aliache.

Kabla ya kupaka chochote, osha modeli iliyokwisha unganishwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa kuwa plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mabaki ya grisi ya kalibu, na alama za vidole nazo huongeza mafuta. Usiunganishe magurudumu wala minyororo kwa wakati huu. Jambo moja la kushughulikia mapema ni mnara wa mzinga, ambao kwa T-34/85 ulisubuliwa kwa chuma cha kumimina na hivyo una ngozi ya kukwaruza, tofauti na mabamba laini ya mwili. Ikiwa plastiki ya mnara ni laini mno, ipake gundi ya plastiki iliyo nyepesi sehemu ndogo ndogo, kisha idonoe kwa brashi kuukuu yenye nywele ngumu kabla haijakauka. Yaache maungio ya vipande vya kumimina na mishono ya kulehemu ionekane.

Rangi ya msingi hupigwa nyembamba, ya kijivu au ya kahawia nyekundu. Wanaotumia brashi ya hewa, yaani kifaa kinachorusha rangi kwa hewa ya kompresa, watapata matokeo mazuri kwa shinikizo la kati ya bar 1 na 1.5, rangi ikiwa imepunguzwa kwa thina yake hadi ifanane na maziwa. Kwa wanaoishi Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar, unyevu wa hewa ni jambo la kutiliwa maanani: kompresa hukusanya maji ndani ya mpira wake, na tone moja likirushwa pamoja na rangi huacha duara lisilofutika, kwa hiyo kichujio cha maji si anasa. Rangi za laka nazo hugeuka nyeupe kama ukungu zikipigwa wakati hewa imejaa unyevu, na ni bora kusubiri siku kavu. Fungua madirisha na uvae barakoa ya mvuke wa kemikali, maana ile ya kitambaa haizuii mvuke wa thina.

Vifaru vya Kisovieti vilipakwa kijani kilichojulikana kwa jina la 4BO, na wapenzi wa modeli wanaweza kubishana hadi asubuhi juu ya kivuli chake halisi. Rangi ya vita haikuwa sawa kutoka kiwanda hadi kiwanda, na jua nalo liliipausha. Kwa rangi za akriliki za kampuni ya Tamiya, XF-58 (kijani cha mzeituni) ni mwanzo wa kuridhisha. Paka kivuli cheusi kidogo sehemu za chini na pembeni mwa mabamba, kisha kijani chenyewe, na mwisho ongeza matone machache ya XF-60 (njano iliyokolea) kwa ajili ya sehemu zinazotazama juu. Modeli yenye urefu wa mwili wa takriban sentimita 17 huonekana nyeusi zaidi kuliko kifaru chenyewe cha mita sita hata ikipakwa rangi ileile, ndiyo maana kuipausha kidogo ni sahihi. Asiye na brashi ya hewa atumie brashi bapa na tabaka tatu au nne nyembamba, kila moja ikauke kabla ya nyingine.

Vanishi ya kung'aa hutangulia stika za maji, yaani zile za alama zinazolowekwa majini kabla ya kubandikwa, kwa sababu stika inayowekwa juu ya rangi isiyong'aa hubakiza hewa chini yake na kuonekana kama utando wa fedha. Ukichagua kifaru cha Berlin cha Aprili 1945, kilikuwa na mstari mweupe kuzunguka mnara na msalaba juu ya paa ili ndege za washirika zikitambue. Askari waliichora alama hiyo kwa brashi na kwa haraka, na ukiichora kwa mkono kwa rangi nyeupe iliyochafuka kidogo itapendeza kuliko ile ya stika iliyonyooka. Baada ya hapo piga vanishi ya nusu mng'ao.

Kubanduka kwa rangi ndiko kunakowaponza wengi. Kumbuka kwamba kidoa cha milimita 1 kwenye modeli ni sawa na sentimita 3.5 kwenye kifaru chenyewe. Chukua kipande cha sponji, kichovye kwenye rangi ya kahawia iliyokolea sana, kifute kwenye karatasi hadi kibakie karibu kikavu, kisha kiguse kwenye kingo tu. Wapi hasa? Askari wa miguu walipanda T-34 na kwenda vitani wakiwa juu yake, wakijishikilia kwenye vishikio vya mnara na vya mwili. Kwa hiyo vishikio hivyo, kingo za paa la injini na milango ya mnara ndizo zilizolika. Katikati ya bamba la ubavu hapakuwa na mtu wa kupachakaza. Kutu nene pia haina nafasi hapa, kwani vifaru vingi havikuishi vitani muda wa kutosha kuiota, isipokuwa kwenye mabomba ya ekzosi, ambayo ni ya chuma chembamba kinachopata joto kila siku.

Sasa unaweza kutumia rangi za mafuta za wachoraji. Weka kidogo cha kahawia iliyokolea na nyeusi juu ya kipande cha boksi la karatasi na ukiache kwa nusu saa hivi. Karatasi itanyonya mafuta ya ziada na rangi itakauka bila mng'ao. Ichanganye na tapentaini safi, kisha kwa ncha ya brashi gusa kuzunguka boliti, bawaba na maungio ya mabamba, ukiuacha mchanganyiko uende wenyewe kwenye mifereji. Usiioshe modeli nzima kwa mchanganyiko huu, kwani kijani chote kitageuka kuwa kichafu kwa kiwango kimoja. Baada ya robo saa, kijiti cha pamba kilicholowa kidogo kinaondoa kilichozidi. Akriliki iliyokauka vizuri haiyeyuki kwa tapentaini, ilhali thina kali ya laka huila.

Michirizi ya mvua hufanywa kwa rangi hizohizo. Weka nukta ndogo juu ya bamba la ubavu, kisha ivute kwenda chini kwa brashi bapa iliyofutwa hadi ikaribie kukauka, ukiirudia hadi nukta itoweke na kubaki kivuli cha mstari. Mabamba ya T-34 yameinama, kwa hiyo maji hufuata mteremko wa bamba, si wima wa ukuta. Mapipa ya dizeli ya ubavuni yana mdomo wa kujazia, na chini yake panastahili doa jeusi la mafuta lenye mng'ao kidogo, lililozungukwa na vumbi lililoshikana.

Kwa vumbi na tope, chagua ardhi kabla ya rangi. Mtu aliyezoea udongo mwekundu wa kwetu huvutwa kuutumia, lakini T-34 iliyopita Ukraine ilikanyaga udongo mweusi, ambao ukikauka hupauka na kuwa kijivu. Saga chaki laini za wachoraji za kijivu na kahawia, au nunua poda za rangi, uzichanganye na tapentaini na kupaka upande wa chini wa mwili, kisha fuata mahali magurudumu yanapotupa tope: nyuma ya kila gurudumu, chini ya madigadi, na sehemu ya nyuma kabisa. Tabaka la kwanza liwe kavu na la rangi hafifu. La pili, dogo zaidi, liwe jeusi na lenye unyevu kwenye pembe tu. Ukilipaka kinyume, yaani bichi chini na kavu juu, utakuwa umechora kitu kisichowezekana.

Minyororo ipakwe kahawia ya kijivu iliyokolea, si rangi ya kutu ya chungwa, kwa kuwa ilitengenezwa kwa chuma chenye manganizi, nayo ardhi huisugua bila kukoma. Jaza tope kwenye mashimo, halafu sugua penseli laini ya risasi kwenye sehemu zinazogusa ardhi na kwenye meno yaliyosimama katikati. Meno hayo hupita kati ya diski mbili za kila gurudumu, kwa hiyo nyuso za ndani za diski nazo zinastahili mng'ao huo. Mpira wa magurudumu uwe kijivu kilichokolea. Nyeusi tupu hufanya magurudumu yaonekane kama ya gari la kuchezea. Masizi kidogo kuzunguka midomo miwili ya ekzosi iliyo nyuma yanatosha.

Vanishi isiyong'aa ipigwe kabla ya poda, kamwe si baada yake, kwani hulifisha vumbi na kuligeuza kuwa tope. Kinachobaki ni kuishikisha poda kwa matone ya tapentaini yanayoguswa pembeni kwa brashi nyembamba hadi yaenee yenyewe, na kuiacha modeli siku nzima bila kuigusa.