Kabla hujarenda glasi: mambo ya kuweka sawa kwanza

Wengi wakitaka kutengeneza chupa au glasi kwenye kompyuta wanakimbilia matiriali (yale maelezo ya kitu kimetengenezwa na nini), wanachagua ile ya kioo, wanarenda, yaani wanaiachia kompyuta ikokotoe picha ya mwisho, inatoka kitu kijivu kimekufa utadhani plastiki, halafu lawama zote inabebeshwa kompyuta eti haina nguvu. Kiukweli kioo hakina sura yake. Sura yake ni vile vitu vilivyoko nyuma yake na vile vinavyomulika kutoka pembeni, kwa hiyo ukikiweka peke yake kwenye sini (mandhari ya kazi yako) tupu ya kijivu kitakuonyesha huohuo ukijivu na wala hakijakosea. Ndo maana nasema kazi kubwa iko kabla ya matiriali, na hapa chini naongelea zaidi Blender, programu ya kutengeneza vitu vya 3D, kwa sababu ni ya bure na ndo wengi wetu tunayo.

Chukulia kazi ambayo huku Arusha na Moshi haikosekani: mtu anauza asali, anataka picha ya chupa ya nusu kilo kwa ajili ya lebo na matangazo, hela ya studio hana, anakuja kwako. Cha kwanza kabisa mwambie akuletee chupa yenyewe ikiwa na asali ndani. Picha ya WhatsApp haitoshi. Iweke dirishani uitazame vizuri, uizungushe, angalia kitako kina unene gani, angalia mshono, maana chupa za kiwandani zinatoka kwenye moldi ya vipande viwili kwa hiyo kuna mstari mwembamba unapanda pande mbili, na ukiuweka huo mstari tu kwenye modeli yako watu wanaanza kuamini bila kujua kwa nini. Hapohapo fanya na hili jaribio: chora mshale kwenye karatasi, isimamishe kama shubiri moja nyuma ya glasi ya duara iliyojaa maji, angalia kwa mbele. Mshale unageuka, uliokuwa unaelekea kulia unaelekea kushoto. Mwaga maji yote na mshale unarudi kama ulivyokuwa, glasi tupu haipindishi sana, inabaki na kingo zake nyeusi tu. Anayechora kwa mkono kwenye programu za kuchorea kama Krita au ibisPaint hili ndo linamuumbua, anachora glasi ya maji imejaa na nyuma yake vitu vimenyooka kabisa kama vile maji hayapo.

Vipimo sasa. Hapa niwe mkali kidogo. Blender inafanya kazi kwa mita, chupa ya sentimita 12 iandike 0.12, na ukishaibadilisha ukubwa bonyeza Ctrl+A uithibitishe hiyo skeli (kipimo cha ukubwa). Unaweza kuona ni ushamba wa vipimo ila subiri ufike kwenye rangi ya asali. Rangi ya asali haipakwi juu, inatokana na mwanga kunyonywa kadiri unavyopita ndani, penye wembamba panakuwa dhahabu na penye unene panaelekea kahawia, kwa hiyo unatumia ile nodi (kisanduku cha kuunganisha kwenye matiriali) ya Volume Absorption, inayonyonya mwanga ndani ya kitu, badala ya kupaka rangi kwenye kioo. Sasa kama chupa yako ina urefu wa mita 12 badala ya sentimita 12, mwanga unasafiri mara mia zaidi ndani ya asali na unapata lami.

Halafu unene wa kioo. Chupa lazima iwe na ukuta wa nje na wa ndani, ukichora ganda moja tu programu inaichukulia kama gimba zima la kioo toka nje mpaka katikati, na inapinda mwanga vibaya. Modifaya ya Solidify, kifaa cha Blender kinacholipa ganda unene, inamaliza hiyo shida, ukimaliza kagua normali (mishale inayoonyesha kila uso unatazama wapi) zote zinatazama upande sahihi, na kingo zote zilainishe kidogo kwa sababu hakuna kioo dukani chenye kona kali kama wembe, na ile kona iliyolainishwa ndo inakamata mng'ao.

Sasa hapa kwenye asali kugusa kioo ndo patamu. Kila kitu kinachopitisha mwanga kina namba yake ya kupinda mwanga, ile IOR: hewa ni 1, maji 1.33, kioo cha kawaida kama 1.5, na asali inacheza karibu 1.49 kutegemea ina maji kiasi gani. Ona hizo mbili za mwisho zilivyokaribiana. Mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia kwenye asali unapita karibu bila kushtuka, ule ukuta wa ndani unapotea machoni, na asali inaonekana imejaa mpaka ukingo wa nje wa chupa. Kachungulie chupa ya kweli uone, kile kimstari cha unene wa kioo unakiona juu kwenye shingo ambapo hakuna asali, chini hukioni. Wanaoanza wanaacha kanafasi kembamba ka hewa kati ya asali na kioo ili meshi (maumbo ya 3D yenyewe) zisigusane, na hako kahewa kanatoa ngozi ya kifedhafedha kuzunguka asali, kitu ambacho hakipo duniani. Fanya kinyume, panua asali iingie kidogo sana ndani ya unene wa kioo. Na pale juu inapoishia ipandishe kidogo kwenye kuta, kimiminika hakikatiki kwa rula.

Taa. Wapiga picha za bidhaa wana njia mbili za zamani na zote zinafanya kazi kwenye 3D. Ya kwanza unaweka ukuta mweupe unaong'aa nyuma ya chupa na vibao vyeusi pembeni, kingo zinatoka nyeusi na umbo linasomeka. Ya pili unaweka nyuma peusi na taa zinakuja kutoka pembeni kwa nyuma, kingo zinawaka nyeupe, inapendeza kwa chupa za pombe kali na manukato. Kwa asali mimi nachagua ya kwanza bila kufikiria, asali bila mwanga wa nyuma ni matope. Kumbuka tu kwamba kioo ukikitazama uso kwa uso kila upande unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga, na ukikitazama kwa mshazari kabisa unarudisha karibu wote. Blender inajua hilo yenyewe, wewe unayechora kwa mkono unatakiwa ulikumbuke, na mng'ao wako uwe na kingo kali, usiupulize kwa brashi laini.

Mazingira ya kuakisiwa unaweza kuyapakua bure kwenye tovuti ya Poly Haven, ila chagua kwa akili jamani. Chupa ya asali ya Mtanzania imekaa mezani halafu ndani ya mng'ao wake unaona msitu wa theluji! Nyumba zetu madirisha yana nondo, na ule mraba mweupe unaoonekana begani mwa chupa huwa umekatwakatwa na vivuli vya nondo. Weka taa ya mraba, weka mbele yake vipande vyembamba vyeusi, basi.

Usafi nao uupime. Chupa mpya ya asali iache safi, labda alama moja ya kidole. Ila ukipewa kazi ya chupa ya soda ya kurudisha, zile zinazozunguka na kreti mwaka mzima, lazima iwe na ile mikanda miwili ya mchubuko mweupe, mmoja begani mmoja karibu na kitako, pale chupa zinapogongana. Kioo cha dirisha je? Nenda kwa fundi wa aluminiamu aliye jirani, tazama ukingo wa kioo alichokata, ni kijani kwa sababu ya chuma kilichomo.

Mwisho mipangilio (settings) yenyewe. Tumia Cycles, ile injini ya Blender ya kurenda inayofuata njia ya mwanga. Idadi ya midundo ya mwanga (mara ngapi mwanga unaruhusiwa kugonga au kupenya vitu) inakuja ikiwa 12, chupa moja inatosha, chupa tatu zikipangana nyuma ya nyingine ongeza mpaka 20 hivi, ukiona madoa meusi ndani ya kioo hiyo ndo sababu. Kisafisha chenga (denoiser) kitumie lakini usikitegemee, sampuli (miale inayokokotolewa kwa kila nukta ya picha) zikiwa chache kinafuta na ule mshono uliouhangaikia. Na kama ni animesheni renda picha mojamoja za PNG, video utaunganisha baadaye, umeme ukikatika baada ya fremu ya 140 unaendelea na ya 141.