Kabla hujafungua kitabu cha fizikia: mambo ya kuweka sawa kwanza

Watu wengi wanaorudia fizikia ukubwani, bila mtihani wowote mbele yao, huanzia kwenye fomula. Wanaandika F = ma kwenye daftari, wanaikariri, na baada ya wiki mbili wanaacha wakiamini kwamba vichwa vyao havikuumbiwa sayansi. Mimi sikubali. Kuna mambo machache yanayotakiwa kutengenezwa kabla ya fomula ya kwanza, na kubwa kuliko yote ni maneno.

Chukua neno nguvu. Mtu akila vizuri tunasema amepata nguvu. Gari likipanda mlima bila kusita, lina nguvu. Mvutano wa dunia tunauita nguvu, umeme wa nyumbani nguvu, na dawa kali nayo ina nguvu. Katika mazungumzo hakuna anayepotea. Fizikia lakini inatenganisha vitu vitatu ndani ya neno hilo moja: kani, yaani msukumo au mvuto unaotenda juu ya kitu, nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi, na kiasi cha nishati kinachotumika kila sekunde. Hapo vitabu vyenyewe vinapishana. Kimoja kitaita cha kwanza kani, kingine kitakiita nguvu, na cha tatu kitaliweka neno nguvu kwa ajili ya kile cha mwisho. Msomaji akichanganyikiwa hana kosa.

Njia ya kutoka hapo ni kutazama kipimo kabla ya neno. Ukiona newtoni, hiyo ni kani. Ukiona juli, ni nishati. Ukiona wati, ni nishati kwa sekunde, juli 1 kila sekunde ikiwa wati 1. Mwandishi anaweza kubadili neno apendavyo, kipimo hakimfuati. Jizoeze hili mapema na utaokoa miezi ya kuhangaika.

Mfano wa karibu ni birika la umeme la wati 2,000. Namba hiyo inakwambia kwamba birika linamimina juli 2,000 ndani ya maji kila sekunde. Kupandisha halijoto ya kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunahitaji juli zipatazo 4,200. Basi lita moja ya maji, ambayo ni kilo 1, iliyo kwenye nyuzi 20, hadi ifike 100, inataka 4,200 mara 80, yaani juli 336,000. Gawanya kwa 2,000 upate sekunde 168, pungufu kidogo ya dakika tatu. Pima kwa saa. Utakuta birika limechukua muda zaidi kidogo, kwa sababu nishati nyingine imepasha birika lenyewe na nyingine imetorokea hewani. Sijui zoezi zuri kuliko hili la kumwonyesha mtu kwamba fizikia haiishi kwenye karatasi. Na ukishalifanya, kilowati-saa haitakusumbua tena: ni kilowati moja ikitumika kwa saa nzima, juli 3,600,000, kwa hiyo ni nishati hata kama jina lake limebeba neno wati.

Neno la pili la kulichunguza ni uzito. Mizani inaposema kilo 60, inakutajia tungamo, kiasi cha maada kilichomo mwilini, ambacho vitabu vingine hukiita masi. Uzito katika fizikia ni kani ambayo dunia inauvutia mwili huo, nao hupimwa kwa newtoni: mtu wa kilo 60 ana uzito wa newtoni zipatazo 588. Mpeleke mwezini, tungamo yake itabaki kilo 60 zilezile, ila uzito utashuka hadi karibu newtoni 97. Ukishatenga viwili hivi, nusu ya maswali ya mwendo yanakuwa mepesi.

Tatu ni joto, yaani nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda cha baridi, na halijoto, yaani kiwango cha umoto ambacho kipimajoto husoma. Shika kijiko cha chuma na mwiko wa mbao vilivyolala pamoja usiku kucha mezani. Chuma kitakuuma vidole kwa ubaridi, mbao haitakuuma, ingawa kipimajoto kitaonyesha halijoto sawa kwa vyote viwili. Kilichotofautiana ni kasi ya joto kutoka mkononi mwako: chuma hulipitisha haraka, mbao hulizuia. Mkono haupimi halijoto, unahisi joto linavyohama. Ninawasihi wanaoanza wafanye jaribio hili kwa mikono yao badala ya kulisoma tu, maana mwili ukishagundua kwamba umekuwa ukidanganyika, akili hufunguka kwa namna ambayo maelezo hayawezi.

Mwendo nao una ngazi zake. Kasi ni umbali kwa muda. Velositi ni kasi pamoja na mwelekeo. Mchapuko ni jinsi velositi inavyobadilika. Mpira uliorushwa juu, ukifika kileleni velositi yake ni sifuri kwa kitambo kidogo kabisa, ilhali mchapuko wake bado ni mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde, kuelekea chini. Ukikwama kwenye sentensi hiyo, usiiruke. Kaa nayo hata siku nzima.

Jambo la kutayarisha baada ya maneno ni heshima kwa vipimo. Mita, kilo na sekunde vinatosha kwa mwanzo, ili mradi usichanganye mfumo huu na mwingine katikati ya hesabu. Wataalamu wamelipia kosa hilo. Septemba 1999 chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiitwacho Mars Climate Orbiter, kilichokuwa kimesafiri zaidi ya miezi tisa, kilipotea kilipofika Mirihi. Programu moja duniani ilitoa namba kwa ratili, kipimo cha kani katika mfumo wa Kiingereza, programu iliyozipokea ikazisoma kana kwamba ni newtoni, na tofauti kati ya viwili hivyo ni karibu mara nne na nusu. Kwa hiyo andika kipimo mbele ya kila namba, hata unapoandika peke yako, hata unapodhani utakumbuka.

Halafu kuna imani za zamani unazoingia nazo bila kujua. Ya kwanza ni kwamba kizito huanguka haraka kuliko chepesi. Chukua karatasi mbili sawa, moja ifinyange iwe kitonge, nyingine iache wazi, uziachie kwa pamoja. Tungamo ni ileile, lakini kitonge kinatangulia kufika. Basi kilichoichelewesha nyingine ni hewa. Mwaka 1971, katika safari ya Apollo 15, mwanaanga David Scott alisimama mwezini, mahali pasipo na hewa, akaachia nyundo na unyoya kwa wakati mmoja. Vikagusa ardhi pamoja, karibu miaka 400 baada ya mwanasayansi wa Italia, Galileo, kulichunguza swali hilohilo.

Imani ya pili ina mizizi mirefu zaidi: kwamba kitu kikienda lazima kuwe na kinachokisukuma muda wote. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifikiri hivyo, na maisha ya kila siku yanamuunga mkono, kwa kuwa kabati ukiacha kulisukuma linasimama. Linasimamishwa na msuguano wa sakafu. Isaac Newton aliliweka wazi katika kitabu alichochapisha mwaka 1687: kitu kisichotendewa na kani yoyote huendelea na mwendo wake uleule kwa mstari ulionyooka. Chombo cha anga cha Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977 na hadi leo kinaendelea kwenda kwa kasi ya takriban kilomita 17 kwa sekunde, bila injini ya kukisukuma mbele.

Na ya tatu, kwa kuwa kila mtu ameona picha zake: wanaanga walio kwenye kituo cha kimataifa cha anga wanaelea, basi watu husema huko hakuna mvutano. Kwenye kimo hicho cha kilomita 400 hivi, mvutano wa dunia bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa hapa chini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja, huku wakienda mbele kwa kasi ya karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, kiasi kwamba dunia inajipinda chini yao kadiri wanavyoanguka.

Hesabu isikutishe. Kwa maarifa ya jumla unahitaji uwiano, kusoma grafu, na vipeo vya kumi (kuandika 1,000 kama 10³), basi. Jaribu hii: jua liko umbali wa kilomita 150,000,000 hivi, mwanga huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya. Sekunde 500, yaani dakika 8 na sekunde 20. Mwanga unaokufikia sasa uliondoka kwenye jua kabla hujaanza kusoma makala hii.

Kuhusu mpangilio wa mada, anza na mwendo na kani, uende kwenye nishati, kisha joto, mawimbi na mwanga, halafu umeme. Uhusianifu wa Einstein na fizikia ya kwanta vina mvuto mkubwa, nami naelewa kwa nini watu hukimbilia huko, lakini vyote viwili vinazungumza kwa maneno ya nishati na mwendo. Asiyekuwa na maneno hayo atabaki na mshangao tu. Kwenye majaribio ya umeme tumia betri ndogo za volti 1.5, usiguse kabisa umeme wa ukutani, na usilitazame jua moja kwa moja, seuze kwa darubini.

Mwisho, andaa vifaa: rula au futi ya kupimia, uzi, kitu kidogo kizito kama nati au funguo, saa ya kuhesabu sekunde na daftari. Hivyo vinatosha kwa jaribio ninalotaka liwe la kwanza. Funga nati kwenye uzi, uning'inize mahali imara, urefu kutoka fundo la juu hadi katikati ya nati uwe mita 1. Ivute pembeni kidogo, uiachie. Hesabu kwenda na kurudi mara kumi. Usipime mara moja tu, maana kidole huchelewa kubonyeza saa, na ukipima mara kumi ucheleweshaji huo unagawanyika kwa kumi. Utapata sekunde 20 hivi. Sasa funga nati tatu pamoja, ukihakikisha urefu ni uleule, urudie. Bado 20. Punguza uzi hadi sentimita 25, robo ya mwanzo, uhesabu tena: sasa ni sekunde 10, nusu ya mwanzo. Jiulize kwa nini robo ya urefu imeleta nusu ya muda, na kwa nini nati tatu hazikubadili lolote, ukikumbuka kitonge cha karatasi na nyundo ya mwezini. Andika tarehe, urefu wa uzi na sekunde ulizozipata, hata kama zimekuja 19 au 21. Usizirekebishe.