Kumsaidia jamaa mwenye ganzi ya mikono na miguu

Mishipa ya fahamu ya mikono na miguu inapoharibika, mgonjwa hupatwa na mambo mawili yanayoonekana kupingana: usiku miguu humuwaka moto na kumchoma kama sindano, na mchana hukanyaga msumari asijue. Maumivu atayasema mwenyewe. Ganzi hailalamiki, na ndiyo maana walio nyumbani wanalazimika kuangalia kile ambacho yeye hakisikii.

Nyayo zikaguliwe kila siku. Wakati mzuri ni baada ya udhu wa alasiri, kabla mwanga haujapungua: mkalishe barazani, weka mguu wake pajani mwako, utazame unyayo, kisigino, pembe za kucha na hasa katikati ya vidole, ambako maji ya udhu hubaki na ngozi ikalainika hadi ikapasuka. Pakaushe kwa kitambaa laini. Mafuta ya nazi yanafaa kwa visigino vilivyokauka, lakini yasipakwe katikati ya vidole. Najua kumwambia bibi asitie hina Sikukuu ni neno zito. Hata hivyo hina, na piko (rangi nyeusi ya kujipambia) zaidi, huficha wekundu wa ngozi, kwa hiyo ni bora nyayo zibaki wazi.

Jambo linalowadhuru wengi ni maji ya moto. Kwetu Pemba, mtu akilalamikia miguu hutengewa beseni la maji ya moto na chumvi. Ami yangu tulimfanyia hivyo kwa mapenzi. Akasema hayana joto, tukaongeza, akasema bado, tukaongeza tena. Asubuhi vifundo vilikuwa vimejaa malengelenge, na kidonda kimoja kilichukua miezi kufunga. Usimlowekee miguu, usimsogeze karibu na seredani, na maji yake ya kuoga yapimwe kwa kiwiko cha mtu asiye na ganzi.

Asitembee pekupeku, hata ndani ya ua, ambako makonyo ya karafuu na saruji iliyopigwa na jua vinatosha kumjeruhi. Ndara za kamba ya katikati humkwaruza. Mtafutie viatu laini vilivyofunika vidole, vinunuliwe jioni miguu ikiwa imejaa, na kila vinapovaliwa vikung'utwe kwanza, kwani kijiwe kidogo kinaweza kushinda humo mchana kutwa.

Kwa upande wa mikono, mwondoleeni kuparua samaki, mbuzi ya nazi na sufuria zilizo motoni, lakini msimwondolee kazi zote. Mama aliyezoea kupika anaweza kuketi jikoni akaonja na kuamrisha.

Usiku, ikiwa hata shuka humuuma, tafuta namna ya kuliinua lisimguse miguu, na njia ya chooni iwe na taa. Dawa za kawaida za maumivu mara nyingi hazisaidii sana. Daktari anaweza kumwandikia amitriptilini, ambayo huleta usingizi na kizunguzungu, hivyo siku za mwanzo mshike anapoinuka.

Chanzo nacho kitafutwe. Kisukari ndicho kinachojulikana zaidi, lakini metformini, dawa ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi huweza kudhuru mishipa isipoambatana na vitamini B6, na baka lisilosikia mguso linaweza kuwa ukoma, ambao unatibika. Kwa mwenye kisukari, suala la kufunga Ramadhani lizungumzwe na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Ukiona kidonda, usaha, ngozi iliyobadilika rangi au mguu mmoja wenye joto kuliko mwenzake, mpeleke siku hiyo hiyo, iwe hospitali ya Mnazi Mmoja, ya Chake Chake au ya Abdalla Mzee, Mkoani. Dawa zake zote, pamoja na za miti shamba, zitie katika mkoba mmoja uende nazo.