Ni au ndiye? Mambo ya kuweka sawa kabla hujataja kazi ya mtu kwa Kiingereza

Hapa mtaani kwetu Nyakato, Mwanza, kuna vijana wanne wanajiandaa na usaili, wawili kiwanda cha samaki, mmoja hoteli, mwingine anataka kazi ya kutembeza watalii, na wote wanakwama palepale. Maneno wanayo mengi tu, ila ikifika ile sentensi fupi ya kusema mimi ni nani, yule ni nani, anafanya nini, ndo inavurugika. Nimeona niandike vitu vya kuangalia kabla, maana hii ishu imeshawakosesha watu kazi na mimi imeniuma.

Kitu cha kwanza kabla hujafungua mdomo, jiulize unamuelezea mtu au unamtambulisha. Kiswahili kinakusaidia sana hapa kuliko unavyodhani. Chukulia upo Mwaloni Kirumba, magunia ya dagaa yamepangwa chini, mama mwenye mzigo anatafuta wa kumpelekea Shinyanga. Ukimwambia "yule ni dereva" amejua tu kwamba yule jamaa kazi yake kuendesha, wapo kibao. Ukimwambia "yule ndiye dereva" hapo hapo anamfuata waongee bei, kwa sababu umemwonyesha mwenyewe wa ile gari. Sasa Kiingereza hakina ndiye, kazi hiyo imebebwa na vineno vidogo viwili ambavyo sisi tunavimeza tukiongea: "He is a driver" ni yule mmoja kati ya wengi, "He is the driver" ni yule mwenyewe. Kwa hiyo sentensi yako itamke kwanza kwa Kiswahili kichwani, jaribu kuweka ndiye, ikikaa vizuri na ikabaki kuwa kweli, chukua "the". Ikigoma, chukua "a".

Kuna kipimo kingine napenda kuwapa, kuigeuza sentensi. "The driver is Juma" inakubali, kama sisi tunavyosema dereva ni Juma. Ila "A driver is Juma" haisemeki, Mwingereza atakukodolea macho. Inayogeuka inatambulisha, isiyogeuka inaelezea tu.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Kuna binti wa jirani, mchapakazi kweli, alikaa stoo ya kampuni moja miaka miwili, walikuwa watatu mle ndani wanapokezana zamu. Kwenye CV akaandika "I was the storekeeper". Wale wa usaili wakampigia bosi wake wa zamani, bosi akasema mbona mimi nilikuwa na watunza stoo watatu, basi ikaonekana kajipa cheo, wakamuacha. Alirudi akaweka faili lake kwenye benchi pale barazani hata maji hakutaka. Na hakudanganya! Kichwani mwake alikuwa anasema nilikuwa mtunza stoo, basi. Nilichukua peni tukakata herufi tatu tu, t na h na e, juu yake tukaandika "one of three", na mwisho tukaongeza s, ikawa "I was one of three storekeepers". Ukiniuliza mimi, hiyo ya pili ina nguvu zaidi hata kuliko ile ya kwanza, maana inaonyesha ulifanya kazi na wenzako na ukiulizwa una la kueleza. Kwa hiyo kabla hujapeleka CV pitia kila "the" iliyokaa mbele ya kazi, jiulize nilikuwa peke yangu hapo? Kama ulikuwa mkuu wao sema wazi, "the head storekeeper".

Na kinyume chake pia, usiiache kazi uchi. "I am nurse" haijakamilika, lazima "I am a nurse". Kazi ikianza na sauti ya irabu inakuwa "an", kama "an accountant", "an engineer", ila angalia ni sauti sio herufi: "a university student" kwa sababu inaanza na yu, na "an MP" kwa sababu mdomo unaanza na e. Mkiwa wengi hako kaneno kanaondoka, "We are fishermen". Halafu kuna vyeo vya mtu mmoja tu, huko ukisikia "They elected her chairperson" bila chochote mbele usishtuke, ni sahihi. Cheo kikikaa mbele ya jina nacho hakihitaji "the", ni "President Nyerere", ila kikisimama chenyewe unarudisha, "the president".

Tukiwa hapo kwa Mwalimu, mwangalie yeye utaelewa haraka. "Nyerere was a teacher" inaelezea, walimu walikuwa wengi. Ila mwaka 1961 nchi inapata uhuru yeye ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu, na 1962 akawa Rais, hapo ni "the first president of Tanganyika", ndiye, hakuna wa kwanza mwingine.

Neno "kama" limeshachoma wengi. Sisi tunasema nilifanya kazi kama msimamizi, imeisha. Kiingereza kina mawili. "I worked as a supervisor" maana yake hicho kilikuwa cheo chako. "I worked like a supervisor" maana yake hukuwa msimamizi ila ulikuwa unafanya mambo ya kisimamizi. Ukikosea hapo umejishusha mwenyewe mbele ya watu wanaotaka kukupandisha. Zoea "as" mpaka mdomo ujue.

Angalia na wakati. "My father was a fisherman" inaweza kumfanya mtu akupe pole ya msiba wakati mzee yupo Ukerewe anapumzika zake. Kama ameacha tu uvuvi sema "My father used to be a fisherman", au ongeza kwamba sasa amestaafu. Na vyeo vya kubadilishana watu vina mtego wake, ukisema "The chairman changes every five years" mtu anaweza kudhani mwenyekiti wenu wa mtaa anageuka tabia kila miaka mitano, wakati wewe unaongelea kiti. Sema "We elect a chairman every five years", hapo hakuna wa kuchanganyikiwa.

Yeye yetu haina mwanaume wala mwanamke, kwao ipo "he" na "she", ukishamtaja bosi wako wa zamani kuwa ni mama shikilia "she" mpaka mwisho.

Huyu wa watalii nilimpeleka Kamanga tukasimama tunaliangalia lile jiwe la Bismarck. Nikamwambia ukisema "This is a rock" wageni wanaliona, mji wote huu ni mawe. Sema "This is Bismarck Rock", jina, bila "the". Ziwa nalo ni "Lake Victoria", sio "the Lake Victoria", ila sifa yake inataka "the" kwa sababu ni moja tu: "the largest lake in Africa". Halafu sikiliza umeulizwa nini. Mgeni akiuliza habari za ziwa, anza na ziwa, "Lake Victoria is the largest lake in Africa". Akiuliza ziwa kubwa kuliko yote Afrika ni lipi, anza na alichokishika yeye, "The largest lake in Africa is Lake Victoria". Maneno ni yaleyale ila moja linajibu na lingine linamwacha anasubiri. Na wewe ukitaka kumuuliza mgeni kazi yake usiseme "What are you?", ni kama unamdharau, sema "What do you do?".

Kesho saa kumi jioni wote wanne wanakuja barazani, na yule binti pia maana ameitwa sehemu nyingine Jumatatu. Nitawauliza vitatu tu, wewe unafanya kazi gani, nani alikuwa mkubwa wako, na nani alikuwa anashika funguo za stoo. Kila jibu kwanza kwa Kiswahili, tusikie ni au ndiye, halafu ndo Kiingereza.