Saladi ikitangazwa ina vijidudu, fanya hivi

Jamani tangazo likitoka kwamba saladi ina vijidudu, usikimbilie bomba. Huku Mbeya najua tulivyo, mtu anasema naiosha na chumvi na limao imeisha hiyo, hapana, haiishi. Chukua jani moja ulilonunua Mwanjelwa asubuhi, lifunue pale chini karibu na shina, utakuta mchanga umejibana kwenye mikunjo hata ukishaliosha maji matatu. Bakteria ndo wanajificha hapo hapo, tena jani likichanika wanaingia mpaka ndani.

Iliyotajwa tupa yote, hata kama mlishakula nusu na hamna aliyeumwa, maana hii E. koli, aina ya bakteria wa kuharisha, mara nyingi inakaa siku tatu nne ndo inaanza kusumbua. Ifunge kwenye mfuko, usimpe jirani. Muulize mama anayekuuzia mzigo ulitoka wapi, asipojua tupa tu, bei ya fungu moja haifiki hata nauli ya hospitali.

Halafu vyombo, hapa wengi tunasahau. Kisu, ubao, beseni, droo ya friji, osha na maji ya moto na sabuni, na kile kitambaa cha kufutia kichemshe.

Msione ni mambo madogo, Marekani mwaka 2018 saladi ya eneo la Yuma, Arizona iliumiza watu 210 na watano wakafa, na wale bakteria walikuja kukutwa kwenye maji ya mfereji wa umwagiliaji. Na sisi bustani zetu za mabondeni tunamwagilia na nini?

Mtu akianza kuhara mpe maji na ORS. Akiona damu chooni nendeni hospitali, na naomba sana msimnunulie Flagyl wala dawa ya kufunga tumbo kwa kukisia, kwa E. koli ya aina hii baadhi ya dawa zinaweza kuongeza hatari ya figo kuharibika. Mtoto mdogo akipauka, akilegea, mkojo ukapungua, usisubiri kukuche. Daktari mwambie alikula saladi na siku gani, na afisa afya wa kata naye apewe taarifa.

Mpaka watangaze hali iko shwari kula mboga za kupikwa, chainizi, figiri, mnafu, ziive kweli. Na mwenye sherehe wikiendi hii ampigie mpishi leo leo, saladi itoke aweke kabichi la kukaanga.